Mke wa Pili wa Kitabuni

Jumatatu hiyo lifti ya hospitali iligoma tangu asubuhi, na kufikia saa nne ukumbi wa chini ulikuwa umefurika kama soko. Wenye magongo walikuwa wamekaa popote palipokalika, wauguzi walipishana na machela kwenye ngazi wakihema, na mahali fulani mtoto alikuwa analia kile kilio cha kuchoka, kisicho na machozi tena.

Karani wa masjala alikuwa anapanda kwa mara ya tano. Alikuwa na mafaili kumi na saba ya wodi ya ghorofa ya tatu, ameyakumbatia kifuani, kidevu juu ya lile la mwisho ili lisidondoke. Alipofika penye mlango wa lifti alimwona mwanamume wa ovaroli ya kijivu ameketi juu ya sanduku la vifaa, miguu ameikunja, anasoma riwaya. Tena alikuwa anasoma ukurasa wa mwisho.

"Samahani, kaka. Wewe ndiye fundi?"

"Ndimi."

"Watu wanabebwa mgongoni kwenye ngazi, na wewe unasoma hadithi."

Fundi aliinua uso. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mvi zimeanzia masikioni, macho mapole yaliyozoea gizagiza. "Nasubiri spea, dada. Wanasema imeshatoka ghalani. Nikisimama nikaitazama lifti kwa huruma, haitapona."

Karani alitaka kukasirika, akashindwa. "Na kwa nini unaanzia mwisho?"

"Naangalia kama mke anakufa."

Karani alicheka. Fundi hakucheka.

"Wangu alikufa, mwaka wa nne huu," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja saa. "Siwezi kununua kitabu halafu nikamzike mwingine. Kwa hiyo naangalia kwanza. Nikimkuta hai, narudi mwanzo nasoma kwa raha zangu."

Karani aliacha kucheka. Aliyatua mafaili kwenye ngazi, kisha akalitazama jalada la kile kitabu. Alikijua. Ilikuwa riwaya mpya ya upelelezi ambayo muuza vitabu wa pale nje alikuwa anaisifia kila mteja.

"Huyo hafi," alisema. "Lakini usijisumbue nacho. Muuaji ni pacha wa daktari."

"Nimemwona hapa mwishoni. Pacha gani huyo?"

"Ndilo swali lenyewe. Kurasa mia mbili na themanini hakuna anayetaja pacha. Watu wanafukuzana, wanapigana risasi, wanakunywa kahawa, pacha hayupo. Zikibaki kurasa ishirini, huyo hapo, kaja na suti. Mwandishi wa upelelezi anatakiwa anifiche kitu mbele ya macho yangu. Huyu alikificha mfukoni mwake. Huo ni utapeli."

"Sasa umeniharibia kitabu."

"Umeanzia mwisho mwenyewe. Nimekuharibia nini?"

Hapo ndipo fundi alipocheka, kicheko kifupi kilichomshtua hata yeye, kama mtu aliyewasha taa akidhani umeme umekatika. Saa nane lifti ilianza kufanya kazi. Saa tisa alikuja kaunta ya masjala, mikono bado ina grisi kwenye kucha, akaomba kitabu ambacho mke hafi na pacha hayupo. Karani alimwandikia jina la kitabu kwenye kipande cha karatasi. Chini yake, bila kuombwa, akaandika namba yake ya simu.

Pale hospitalini karani huyo walimwita Profesa. Jina alipewa na wauguzi, kwa sababu hakuonekana bila kitabu, na kwa sababu ukimuuliza kitabu kikoje hakukuambia kizuri au kibaya, alikukalisha chini. Alikuwa na miaka arobaini na tatu. Hakuwahi kuolewa. Miaka kumi na moja aliishi na mama yake aliyepofuka kwa presha ya macho, na kila jioni, wakishakula, alimsomea riwaya kwa sauti. Mama ndiye aliyemfundisha kuhukumu. Alikuwa akikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha na kukata hadithi katikati: "Ruka hapo, huyo anaringa." Au: "Rudia hiyo, mwanangu. Hiyo kaiona kwa macho yake." Mama alifariki, na tangu hapo vyumba vile viwili vilikuwa kimya hata maji ya bomba la jirani yalisikika yakishuka ukutani. Profesa aliendelea kusoma, sasa kimya kimya. Kuna Jumatatu alifika kazini akagundua kwamba tangu Ijumaa alasiri hakuwa ametamka neno. Na kazini kwenyewe alitamka nini? Namba ya kadi. Jina la baba. Kaa pale usubiri.

Fundi alipiga simu siku ya tatu, saa moja jioni.

"Nimekimaliza."

"Kikoje?"

"Kizuri."

"Hilo si jibu. Kizuri kwa nini?"

Akafikiri. "Wale bibi wawili wanaocheza karata. Mji umejaa mashine zinazoongea, hewa inauzwa kwa chupa, lakini wao wanabishana nani kaiba karata ya malkia. Nikasema, hata dunia ikifika huko, kumbe watu watakuwa hivi hivi."

Profesa alikaa kitandani polepole. Tangu mama afariki, miaka miwili sasa, hakuwa amesikia mtu akisema jambo kama hilo. "Umeona," alisema. "Hadithi nyingi za dunia ijayo zinasahau kuweka watu. Wanajenga mji wote, halafu wanaokaa humo ni maboksi."

"Nipe kingine, Profesa."

Basi ikawa hivyo. Kila jioni saa moja simu iliita. Fundi alisoma kwa zamu za kusubiri: akisubiri spea, akisubiri mlinzi alete ufunguo, akisubiri watu washuke ili azime mashine. Alikuwa anafanya kazi peke yake, ndani ya mashimo marefu yenye kamba za chuma, na alisema siku nyingine sauti pekee anayoisikia ya binadamu ni ya wale waliomo ndani ya lifti juu yake, wakilalamika kwamba fundi hajui kazi.

Walibishana juu ya riwaya ya mizimu iliyokuwa inasomwa na kila mtu mwaka huo. Fundi ilimtisha. Profesa aliipenda hadi katikati tu. "Nyumba inavuma usiku, kitasa kinazunguka chenyewe, mpaka hapo mimi niko naye. Lakini kile kizimu kikaanza kuhutubia. Kurasa sita kinaeleza kilivyoonewa. Mzimu ukishaanza hotuba, hofu imekwisha, unataka tu mkutano ufungwe." Walibishana juu ya riwaya nene ya vita vya zamani, ambayo fundi aliisifia kwa silaha zake na Profesa aliikataa katakata.

"Miaka mitano ya vita," alisema, "na hakuna hata mtu mmoja aliyefua nguo. Wanajeshi elfu mbili, shati zinajifua zenyewe?"

"Sasa wewe unataka hadithi ya vita au ya dobi?"

"Nataka nijue nani alikuwa anawasubiri nyumbani. Huyo mwandishi hakumfikiria hata mmoja."

"Haya, mama. Nitamwandikia barua nimwambie mke wangu wa simu kakasirika."

Alilisema kwa utani, mke wangu wa simu. Kisha Profesa akauliza kama kwake kunanyesha.

Ijumaa walianza kukutana kibandani kwa muuza vitabu, halafu wanatembea hadi mgahawa mdogo wenye meza nne. Profesa alinunua gauni la kijani, la kwanza katika muda mrefu, kola yake imepambwa kwa uzi mweupe. Fundi alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata mkate. "Umependeza, laazizi," alisema mara ya kwanza, kisha akaitazama menyu kama amesoma neno hilo humo. Baadaye alilizoea. Mwezi wa nane tangu wajuane, alimkaribisha nyumbani kwake. Alipokwenda jikoni kuchemsha chai, Profesa alibaki sebuleni na picha ya marehemu ukutani: mwanamke wa sura ya mviringo, anatabasamu kama aliyeitwa ghafla na mtu anayempenda. Walikunywa chai. Fundi alikuwa mchangamfu. Profesa alisema kichwa kinamuuma, akawahi kuondoka.

Wiki hiyo hiyo alisoma riwaya ya mapenzi iliyokuwa imetoka karibuni, ya mgane anayeoa mara ya pili. Muuza vitabu alikuwa amempa akiwa na machozi. Jioni saa moja fundi akauliza kikoje.

"Takataka," Profesa alisema. Alikuwa amekaa vizuri, miguu ameipandisha kitandani, na ulimi ulikuwa umemchangamka. "Kimeandikwa vizuri, lakini takataka. Huyo mke wa pili hana maana. Anaingia nyumba ya watu, anapika kwenye sufuria za mwenzake, analala upande uliobaki. Mume akilia, yeye anashika kitambaa. Kazi yake ni kuuguza huzuni ya mwanamume. Mwandishi anataka tumwonee fahari. Mimi namwona kama malapa ya wageni."

Alisubiri kicheko. Hakikuja.

"Labda anampenda," fundi alisema.

"Anampenda nani? Hajapewa hata nafasi ya kusimama. Mwanamke mwenye akili zake haingii nyumba ambayo kiti cha mwenzake bado kina joto."

"Kwa hiyo wewe usingeingia."

"Mimi? Nisingekanyaga hata kizingiti."

 Kwenye simu ilisikika redio ya fundi ikisoma habari.

"Sawa, Profesa," alisema hatimaye. "Nikuache ule."

Kesho yake saa moja simu haikuita. Keshokutwa Profesa alipiga yeye. Fundi akasema yuko ndani ya shimo, mtandao haushiki vizuri, atampigia. Hakupiga. Ijumaa alikaa mgahawani na gauni lake la kijani mpaka chai ikaota utando. Mwisho wa mwezi, siku ya ukaguzi wa lifti, alitoka kaunta mara tatu kwenda kuchungulia, na mara ya tatu akakuta fundi mwingine, kijana mrefu anayetafuna ubani. "Mzee kaniachia huu mzunguko," kijana alisema. "Kasema hospitali hii imemchosha."

Hakulia. Alirudi kaunta akapanga kadi. Muuguzi mmoja, rafiki yake, alimwambia ampigie simu amuulize, mtu hawezi kutibu jambo asilolijua. Profesa alisema hawezi kumwomba mtu mzima amkumbuke. Lakini nyumbani mambo yalikuwa mengine. Zamani upweke ulikuwa kama hali ya hewa, upo tu, mtu anavaa sweta anaendelea. Sasa ulikuwa na saa yake. Kuanzia saa kumi na mbili u nusu alikuwa hawezi kushika kitu. Alisoma riwaya moja nzuri ajabu, ya mabaharia waliokwama kisiwani, akafika mahali palipomfanya asimame katikati ya chumba na kitabu mkononi. Aligeukia kiti cha mama akasema kwa sauti, "Hiyo kaiona kwa macho yake." Sauti yake ilimtisha. Aliketi chini sakafuni.

Wiki ya sita alikuja mwanamke kijana kufungua kadi ya kliniki, ujauzito umeshakuwa mkubwa, mkono mmoja kiunoni. Profesa aliandika jina lake, umri wake, mtaa. Akauliza jina la baba. Binti alipolitaja, kalamu ilisimama.

Binti alimtazama, kisha akayatazama mafaili nyuma yake na riwaya iliyofunguliwa kifudifudi kando ya muhuri. "Samahani, mama. Wewe ndiye Profesa?"

"Ndivyo wanavyoniita."

Binti alishusha sauti, maana nyuma yake kulikuwa na foleni. "Sijui kama nafanya vizuri kusema. Baba alikuja kwangu akaniuliza kama nitaumia akioa. Nikamwambia nitafurahi. Akapaka nyumba rangi mwenyewe, vyumba vyote, kwa siku tatu. Akanunua sufuria mpya na sahani mpya, hata kitanda akabadilisha. Halafu akaniletea picha ya mama, kaizungushia taulo, kaipakata njia nzima. Akasema, itunze wewe sasa. Siku ya pili yake alikuja kuichukua. Nikauliza, vipi? Akasema, amenijibu kabla sijauliza."

Profesa alishika ukingo wa kaunta.

"Jumamosi anaondoka," binti akasema. "Amechukua kazi mji mwingine. Jengo la ghorofa ishirini linajengwa huko, kasaini miaka miwili. Mimi nitajifungua hayupo."

Saa nane Profesa aliomba ruhusa. Hakwenda kubadilisha nguo. Alitoka hivyo hivyo na sweta ya kazi, kalamu ameichomeka kwenye nywele. Binti alimwelekeza jengo la bima, ghorofa kumi na mbili, na mlinzi alimwambia fundi yuko juu kabisa, chumba cha mashine. Alipanda mpaka mwisho, akapanda tena ngazi ya chuma, akasukuma mlango.

Chumba kilikuwa na joto na harufu ya mafuta. Katikati kulikuwa na mota kubwa ya kijani na gurudumu lenye kamba za chuma, linalozunguka na kusimama kila mtu huko chini alipobonyeza kitufe. Fundi alikuwa amepiga magoti anakaza nati. Alipomwona aliinuka, akachukua kitambaa, akafuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Umefikaje huku?"

"Kwa lifti. Binti yako alikuja kuchukua kadi."

"Aa."

"Amenieleza habari za rangi." Alikuwa bado anahema. "Fundi, nilikuwa nasema kitabu."

"Najua ulikuwa unasema kitabu. Mimi si mtoto. Lakini miezi minane nimekusikiliza, mama. Ukikisifia kitabu, unaweza kutia chumvi. Ukikiponda, humung'unyi maneno."

Ilikuwa kweli. Profesa alitafuta pa kukaa, akakosa, akabaki amesimama.

"Basi nikueleze nilichokuwa nakiponda. Siku ile kwako ulikwenda kuchemsha chai, ukaniacha na mkeo ukutani. Nikamtazama. Mzuri, hazeeki, hakosei, hatakuudhi tena mpaka kufa kwako. Nikajiuliza, huyu mimi nitamfikia wapi? Nikarudi nyumbani nikakuta yule mwanamke wa kitabuni amejiuliza swali hilo hilo, na amevumilia. Nikamchukia. Ningekwambia nini? Kwamba namwonea wivu marehemu? Nikaona haya, nikatukana kitabu."

Gurudumu lilizunguka, likasimama.

"Ningependa ungeniambia hivyo," fundi alisema.

"Na wewe ungeniuliza. Umepaka nyumba nzima, ukashindwa swali moja."

Fundi alitabasamu kidogo, lakini macho hayakufuata. "Picha nimeirudisha ukutani."

"Iache hapo. Sikuja kumfukuza mtu. Nilisema siwezi kukanyaga kizingiti, na leo nimepanda ghorofa kumi na mbili kukwambia nilikosea. Mimi sikosei mara nyingi kuhusu vitabu. Ujue imenigharimu."

"Nimeshasaini, mpenzi. Miaka miwili. Wamenitumia mpaka tiketi, na kuna vijana sita wananisubiri niwafundishe. Siwezi kugeuka."

"Sijakwambia ugeuke."

Fundi alikunja kile kitambaa mara nne, kama leso, akakiweka juu ya mota. "Profesa. Nikikuuliza sasa, nimechelewa?"

"Uliza tuone."

"Utakubali tuoane?"

Profesa alijibu kwa sauti ndogo, na papo hapo mtu fulani huko chini akabonyeza kitufe. Mota ikanguruma, kamba zikaanza kukimbia. Fundi aliinama mbele. "Unasemaje? Sijasikia."

Ikabidi arudie kwa nguvu, mara mbili, katika chumba kile cha chuma, mpaka akasikia mwenyewe jinsi sauti yake ilivyojaa.

Jumamosi basi liliondoka saa tatu asubuhi. Binti alikuja kumsindikiza baba yake, Profesa alikuja na gauni la kijani. Fundi alimshika Profesa mkono, akaushika mpaka kondakta akapiga bodi kwa kiganja. Alipofika nyumbani Profesa alikuta chumba ni kile kile. Bomba la jirani lilikuwa linashuka maji. Alikuwa amedhani mtu akishapewa ahadi upweke unapungua. Kumbe umepata jina tu, na kitu chenye jina kinauma mahali pamoja, kwa uhakika zaidi. Saa saba simu iliita.

"Tumesimama," fundi alisema. "Abiria wote wameshuka kula. Nimebaki mwenyewe humu ndani."

"Unasoma nini?"

"Sisomi. Nimeshindwa."

"Hata mimi."

Walikaa hivyo, kila mmoja anasikia mwenzake akipumua, mpaka abiria walipoanza kurudi wakibishana kuhusu viti, na injini ikawashwa.

Jumatatu asubuhi Profesa aligonga mlango wa mkuu wa masjala, akaomba fomu ya uhamisho. Mkuu alikuwa mama wa makamo aliyefanya naye kazi miaka kumi na minne. Alimpa fomu, akamwangalia akiijaza amesimama. Kwenye sehemu ya sababu kulikuwa na mistari minane mitupu. Profesa alijaza nusu ya mmoja.

Mkuu aliipokea, akasogeza miwani. "Kumfuata mume," alisoma. "Wewe umeolewa lini?"

"Bado."

"Sasa nitatiaje sahihi jambo ambalo halijawa?"

"Itie tu, bosi. Mpaka hao wa makao makuu walete jibu, nitakuwa nimeolewa na kuzoea."

Mkuu alimtazama, akaitazama ile nusu ya mstari kwenye fomu ya mtu aliyekuwa na maoni kurasa tatu juu ya kila kitu, akavuta muhuri.